Albamu za Kujitegemea, Zikisikilizwa Kutoka Mpanda

Lugha yetu bado haijapata jina tulivu la kuwaita wanamuziki wasiofanya kazi chini ya kampuni kubwa. Wako wasemao "muziki huru", wako wasemao "wasanii chipukizi", na vijana wa mjini hulibeba neno la Kiingereza kama lilivyo. Majina hayo siyakubali. "Huru" linaahidi mno, maana msanii anayelipia studio kwa fedha za mpunga ana wakubwa wengi: mvua, bei ya gunia, mwenye studio, na mke au mume aliyetaka fedha hizo zinunue mabati. "Chipukizi" nalo humdhalilisha mtu wa miaka hamsini aliyeanza kuimba kabla hajaota meno ya pili. Neno tulilo nalo tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni kujitegemea. Limechakaa kwa kupakwa rangi kwenye kuta za shule, lakini maana yake ni sahihi: mtu hutegemea alichonacho, na aghalabu alichonacho ni kidogo. Basi, ndugu msomaji, hapa nitasema albamu za kujitegemea, na asiyelipenda jina hilo aje na lake.

Nasikiliza nikiwa Mpanda, na jambo hilo lina uzito katika hukumu zangu. Huku kwetu muziki ulikuja kwa reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lililetwa hapa yapata mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ule ulikufa, treni ikabaki, ikawa inatuletea jamaa, barua, chumvi na nyimbo. Tabora ilikuwa mji wa bendi, mji wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kila aliyeshuka stesheni akitokea huko alishuka na mtindo mpya wa kucheza. Upande wa pili, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kulikuwa na Wakongo na magitaa yao, ambayo mtu wa Karema aliweza kuyasikia katika redio kwa usafi kuliko Dar es Salaam. Sisi tulikuwa mahali ambapo nyimbo hufika. Sikumbuki wimbo uliopanda treni hapa ukaenda kusifiwa kwingine.

Leo albamu inayotolewa London Ijumaa asubuhi naweza kuisikia Mpanda Ijumaa hiyo hiyo, mradi bando lipo. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi na nina tabia ya walimu ya kutaka kujua neno limefanya kazi gani. Kwa hiyo nitazungumzia albamu chache nilizokaa nazo muda mrefu, kisha nije kwenye iliyonipa taabu zaidi, ambayo msomaji hataipata popote.

Nianze na Maisha ya The Zawose Queens, iliyotoka mwaka 2024. Pendo na Leah Zawose ni binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, Mgogo aliyeupandisha muziki wa Dodoma katika majukwaa ya dunia hadi alipofariki mwaka 2003. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo waliimba nyuma ya wanaume. Waliitikia, walicheza, walipiga muheme, zile ngoma ambazo kwa mila ya Wagogo ni za wanawake. Ilimba na zeze zilikaa mikononi mwa akina baba. Albamu hii, iliyorekodiwa Bagamoyo, ndiyo ya kwanza kubeba jina lao wenyewe. Msomaji mkali ataniuliza kujitegemea huko ni kwa namna gani, ilhali iliyoitoa ni Real World, kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel. Jibu langu ni kwamba mtu aliyeitikia miaka ishirini kisha akaanzisha wimbo mwenyewe amejitegemea, hata kama kipaza sauti ni cha jirani.

Sijui Chigogo. Nakamata neno hapa na neno pale, kama Mbantu yeyote anayekamata ng'ombe na mvua na mama katika lugha ya Mbantu mwenzake. Lakini nimeisikiliza albamu hii mara nyingi kuliko yoyote nyingine mwaka ule, na nimejiuliza ninasikiliza nini hasa. Nadhani nasikiliza kinywa. Zile sauti mbili haziendi sambamba kama kwaya ya kanisani. Moja humkimbilia mwenzake, humpita, humgeukia, na katikati ya mkimbizano huo ilimba inavuma kama mzinga wa nyuki uliogongwa. Watayarishaji wameongeza besi na vionjo vya kielektroniki kwa mkono mwepesi, na nawashukuru kwa wepesi huo. Panapo Kiswahili mambo hubadilika. Maneno huwa mapana: maisha, dunia, upendo. Ni maneno ambayo kila mtu anayaelewa, na pengine ndiyo kasoro yake. Naamini katika Chigogo watu hawa wanazungumza na mtu fulani, mwenye jina na mlango. Katika Kiswahili wanahutubia mkutano. Sisemi hili kuwalaumu. Ni gharama ambayo Kiswahili hutoza kila mgeni anayeingia kwa heshima: humfungulia nyumba kubwa, lakini humkalisha sebuleni.

Albamu ya Siti Muharam, iitwayo Siti of Unguja, ni ya mwaka 2020, kwa hiyo si mpya tena, ila mimi huku imenifikia kwa kuchelewa na sioni sababu ya kuiruka. Yeye ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule bibi aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Nyimbo ni zile za bibi, zimevishwa nguo mpya. Kuna besi nzito, kuna moshi fulani wa usiku, na uongozi wa Mohamed Issa Matona umehakikisha kwamba taarabu haijageuzwa pambo la hoteli.

Tatizo langu, au niseme shauku yangu, iko katika wimbo wa Kijiti. Wanaoijua historia ya Unguja wanajua habari yake: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa kikatili, muuaji akatoroka kwenda zake Mrima, na mahakama ikawaadhibu wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Siti binti Saad aliimba kisa hicho wakati mahakimu wenyewe wangali hai. Sasa wimbo huo unachezwa katika vilabu vya Ulaya, na mtu aliyeshika glasi anayumba taratibu, anasema muziki wa Zanzibar una utulivu. Nilipousikia mara ya kwanza nilitaka kukasirika. Kisha nikasikiliza sauti ya huyu kitukuu na hasira ikapoa, kwa sababu yeye hayumbi. Haongezi kilio, haremeshi herufi, anatoa ushahidi kama shahidi. Ala zinafanya starehe, sauti inafanya kazi ya mahakamani. Kama mtayarishaji alikusudia tofauti hiyo, ana akili sana. Kama hakukusudia, basi mwimbaji amemzidi kete, na mimi nitashangilia vyovyote.

Kuhusu singeli nitasema machache, si kwa dharau bali kwa afya. Sisso na Maiko walitoa Singeli ya Maajabu mwaka 2024 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ile iliyoitambulisha studio ya Sisso ya Mburahati kwa dunia mwaka 2017. Mapigo yanavuka 200 kwa dakika. Mashairi karibu hamna. Mwalimu wa ushairi afanye nini na kitu kama hicho? Nilichofanya ni kusoma majina. Duke, naye wa Dar es Salaam, aliwahi kuiita albamu yake Uingizaji Hewa. Ni istilahi ya mafundi majengo, ya ramani za nyumba na madirisha, nayo imepachikwa juu ya muziki unaomnyima mtu pumzi. Sijaona kitabu cha mashairi cha miaka ya karibuni chenye jina zuri kama hilo. Kusikiliza albamu nzima kwa kikao kimoja siwezi. Hufika nusu nikaenda kunywa maji.

Nash MC ni mtu wa aina nyingine kabisa. Amejulikana kwa kushikilia Kiswahili katika rapu na kukataa kukichanganya na Kiingereza, na aliwahi kutoa albamu aliyoiita Mzimu wa Shaaban Robert. Wapenzi wa lugha tunampenda kwa hilo, na mimi ni mmoja wao. Lakini nathubutu kusema kwamba tumemsifu zaidi kwa kile asichokisema kuliko kwa anachokisema. Ubeti usio na neno la Kiingereza unaweza kuwa mzuri au mbaya, kama vile chakula kisicho na nyama kinaweza kuwa kitamu au kibichi. Nikimsikiliza nataka nihesabu mizani yake, nione anavyoachia kina cha kati kianguke kabla ya pigo na cha mwisho juu yake. Huko ndiko aliko fundi, na huko wasifiaji wake hatufiki.

Sasa nirudi Mpanda.

Ukipita sokoni utasikia muziki wa kujitegemea kuliko wote niliowataja, nao ni wa Kisukuma. Wasukuma walikuja na ng'ombe zao kwa miongo mingi, wakafungua mashamba ya mpunga na mahindi, na nyimbo zao zikaja nyuma ya mifugo. Mwimbaji hujilipia studio, hujilipia video, kisha nyimbo zake huenea kwa memori kadi: unampa kijana wa kibandani kadi yako na shilingi kadhaa, naye anakuingizia nyimbo mpaka ijae. Hakuna kampuni, hakuna tangazo. Wimbo mmoja hupita dakika kumi, na ndani yake mwimbaji huwataja watu kwa majina, fulani wa kijiji fulani mwenye ng'ombe wengi, fulani aliyemsaidia nauli. Wenzangu wa mjini huliona jambo hili ushamba. Mimi naona ndiyo orodha ya wafadhili iliyo wazi kuliko zote. Wasanii wakubwa wa Dar es Salaam nao wana wafadhili, ila hawatuimbii majina yao.

Kilicho muhimu kwa ninalotaka kusema ni kwamba hakuna anayemuuliza Msukuma kwa nini anaimba Kisukuma. Kibandani faili lake limeandikwa "Nyimbo za Asili". Asili ni neno zuri: linampa mtu mahali pa kukaa.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja wa Katumba. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike, naye ameniruhusu niandike. Kwa wasioujua mkoa wetu wa Katavi, Katumba ni makazi yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walifyeka msitu, wakalima, wakazaa, wakazeeka. Baadaye serikali ya Tanzania iliamua kuwapa uraia, na zaidi ya watu 160,000 kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu wakawa Watanzania. Vyeti viligawiwa kuanzia mwaka 2014. Kijana huyu alizaliwa hapa. Wazazi wake nao walizaliwa hapa. Bibi yake ndiye aliyevuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni.

Alikuja na flashi. "Shikamoo mwalimu," akasema, "nimeambiwa wewe unasikiliza maneno." Ndani mlikuwa na nyimbo tisa, albamu yake ya kwanza, iliyogharimu mavuno ya msimu mzima. Alitaka maoni kabla hajaipeleka vibandani na kuipandisha mtandaoni.

Nilisikiliza kwa siku nne, usiku hasa, kelele za bodaboda zinapopungua. Nyimbo nane za kwanza zilikuwa za Kiswahili na zilikuwa nyimbo za kila mtu: mpenzi ameondoka, maadui wana wivu, mama nakushukuru. Sauti yake ni nzuri, ina ukwaruzo kidogo kwenye herufi za chini. Vina vilikuwa vile vinavyokuja vyenyewe, vya moyo na kilio. Niliandika pembeni mwa daftari: angeweza kuwa yeyote.

Wa tisa ulikuwa wa Kirundi. Hauna kinanda cha studio wala mapigo ya kompyuta. Kuna ikembe tu, kile chombo cha vyuma vya kuchezwa kwa vidole gumba, ndugu wa damu wa ilimba ya Wagogo, na juu yake kijana hakuimba bali alinong'ona. Burundi wana utaratibu huo wa kale, wa kunong'ona na chombo chao cha nyuzi kiitwacho inanga, kwa kuwa sauti ya chombo hicho ni ndogo na mwimbaji hujishusha ili asikifunike. Yeye alikuwa ameuhamishia kwenye ikembe ya babu yake. Dakika tatu na nusu. Nilirudia mara nyingi hata nikapoteza hesabu, na sikuwa nimeelewa zaidi ya maneno kumi.

Alipokuja tena nilimwambia ukweli: nane za kwanza ni kazi safi ya fundi anayejifunza, ya tisa ni ya mtu. Alicheka, kisha akasema mwenye studio alimshauri aitoe. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni.

"Mwalimu, Msukuma akiimba kilugha ni asili. Mimi nikiimba kilugha ni mkimbizi."

Sikuwa na la kujibu papo hapo. Mimi ni Mbende. Mizimu ya nchi hii ni ya babu zangu, na hifadhi ya Katavi imepewa jina la mmoja wao. Naweza kuimba kwa Kibende katikati ya stendi na kosa langu pekee litakuwa sauti mbaya. Lugha yangu ina wasemaji wachache, vijana wanaiacha, na sijui albamu hata moja iliyoimbwa kwayo. Lakini hakuna atakayeniuliza cheti kwa sababu yake. Ushauri wa kumwambia "iache humo, ni nzuri" ulikuwa ushauri wa bure kwangu na wa ghali kwake. Angeulipia yeye, kwa jina la utani sokoni, kwa afisa fulani siku fulani akitazama karatasi zake mara mbili.

Hata hivyo niliutoa, kwa sababu aliniomba maoni ya msikilizaji na si ya mwanasheria. Nilimweleza habari za akina Zawose, kwamba ilimba ile ile imezunguka dunia pamoja na lugha ambayo wasikilizaji wake wengi hawaijui. Akajibu, na jibu lake naona lina haki, kwamba mtu wa Ulaya hamuulizi Mgogo ametoka wapi ili amrudishe. Anamuuliza ili amwalike. Nikamweleza Kijiti. Hilo lilimkaa. Aliniuliza kama bibi yule alijua wimbo wake utaishi miaka mia. Nikasema sidhani kama alikuwa akifikiria miaka mia, alikuwa akifikiria wale wanawake wawili.

Aliondoka bila kusema atafanya nini. Niliambiwa baadaye kwamba alimpelekea bibi yake wimbo huo kwenye simu, na bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akamsahihisha neno moja.

Albamu ilifika vibandani mwezi wa sita, wakati watu wana fedha za mavuno. Ina nyimbo tisa. Wa tisa ameurekodi upya, na ile sehemu aliyosahihishwa inasikika, kwa kuwa anaitamka polepole kuliko nyingine. Hakuupa jina la Kirundi wala la Kiswahili. Umeandikwa "Tisa" tu. Nyimbo nane ziko katika faili la Bongo Fleva. "Tisa" haikuonekana humo. Nilimuuliza kijana wa kibandani, akaitafuta kwa kidole, akaikuta katika "Nyimbo za Asili", kati ya Wasukuma wawili wa dakika kumi na mbili kila mmoja. Akasema hiyo inaombwa sana na akina mama wa sokoni, wanaifanya mlio wa simu.

"Ni lugha gani?" nikamuuliza.

"Kiha, nadhani," akasema. "Watu wa Kigoma."

Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na Waha ni wengi mjini hapa. Mwimbaji, ambaye alikuwa amesimama nyuma yangu akinunua vocha, hakumsahihisha. Nami sikumsahihisha.